Raha na hatari ya kupanda Eburru kwa pikipiki

JE, msomaji, Jumapili zako huzitumiaje? Iwapo wewe ni mkazi wa Section 58 au mtaa mwingine wowote wa Nakuru, pengine ukitoka kanisani huketi mbele ya televisheni hadi usingizi ukuchukue. Lakini wapo vijana ambao siku hiyo hujaza petroli, hukaza cheni na kushika njia ya milimani wakiwa watatu au wanne.

Mimi ni mmoja wao. Leo nataka nikusimulie raha iliyoko huko, pamoja na kosa ambalo sitalisahau maishani.

Safari tuipendayo zaidi ni ya mlima Eburru. Unafuata barabara kuu ya Nairobi kwa kilomita 40 hivi hadi sehemu za Gilgil, kisha unaiaga lami na kuanza kupanda. Si lazima uwe na pikipiki ya bei ghali. Hizi hizi za bodaboda zinafika, mradi breki na tairi ziwe nzima.

Kilele cha Eburru kimepita mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Mlima huo ni volkeno ya kale, na joto lake chini ya ardhi bado lipo. Utaona mvuke ukifuka kutoka ardhini kana kwamba kuna mtu anayepika huko chini. Kwa kuwa maji ni haba, wakazi hutega mvuke huo kwa mabomba, ukapoa na kuwa maji ya matumizi ya nyumbani. Mwaka wa 2012 kituo kidogo cha kuzalisha umeme kwa mvuke kilianza kazi huko. Juu zaidi kuna msitu uliozungushiwa ua wa umeme, ua uliokamilika mwaka wa 2014. Ukigeuka, Ziwa Naivasha liko upande mmoja na Elementaita upande mwingine. Hapo uchovu wote huisha.

Vumbi si mchezo

Husemekana kwamba jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Ukienda Eburru wakati wa kiangazi utaamini. Udongo wa volkeno ni laini kama unga, nao huficha mawe na mitaro. Mvua ikinyesha, unga huo hugeuka sabuni. Usidhani ni wageni wa njia tu wanaotaabika. Mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, dereva hodari wa Finland, Kalle Rovanperä, alikwama kwenye vumbi karibu na Naivasha.

Basi hapo ndipo kosa langu lilipotokea. Siku hiyo tulikuwa wanne. Mimi nilikuwa wa tatu, na nyuma yangu alikuwa rafiki tuliyesoma naye tangu shule ya msingi. Nilipofika kwenye njia panda, wawili wa mbele walikuwa wamekwisha kwenda, nami sikutaka kuachwa. Nikatazama nyuma, nikaona vumbi tu. Nikajiambia, "Anakuja." Nikatia gia.

Huko juu tuliketi, tukanywa chai ya chupa, tukacheka. Karibu saa nzima ilipita kabla ya mmoja wetu kuuliza mwenzetu yuko wapi.

Tulimkuta chini ya mteremko, mguu umevunjika na ngozi imeungua kwa ekzosi. Mama mmoja aliyekuwa akipita ndiye aliyemvuta kutoka chini ya pikipiki, akamtandikia leso yake kichwani. Rafiki yangu aliniuliza swali moja tu: "Hukuona sipo?"

Sikuwa na jibu. Alipona, lakini hadi leo huchechemea kukiwa na baridi.

Sheria ya njia panda

Tangu siku hiyo tuna sheria moja ambayo haivunjwi. Kila afikaye njia panda husimama hadi amwone kwa macho yake aliye nyuma. Asipomwona, hurudi. Asiye mzoefu huwekwa katikati, na mzoefu hufunga safari.

Mengine ni haya. Mwache wa mbele aende hadi vumbi lake litulie. Mahali pabovu, simama juu ya vikanyagio na ubane tangi kwa magoti. Ukiteremka, tumia gia ndogo, wala usiikamate breki ya mbele kwa ghafla. Beba pampu, viraka vya pancha, spana na maji. Mvua za masika zikianza, kati ya Machi na Mei, afadhali ungoje. Kofia ngumu na jaketi ya kuakisi mwanga ni amri ya sheria za trafiki, hata kama huko mlimani hakuna polisi wa kukuona.

Nawe mzazi, kijana wako akikuaga kwamba anaenda milimani na wenzake, usikimbilie kumkataza. Muulize tu: "Nani atakuwa wa mwisho, na nani atamngoja?" Akikosa jibu, mwambie apande matatu.