Moyo Umevurugika, Mgonjwa Anaongea

Vyumba vya chini vya moyo vikiacha kudunda na kuanza kutetemeka ovyo, mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Asiposhtuliwa kwa umeme, dakika chache humtosha kufa. Lakini madaktari wanaotunza watu wenye pampu za moyo wamekutana na kioja: mgonjwa anakuja hospitalini kwa miguu yake, analalamika uchovu na kizunguzungu, na kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mtetemo uleule unaoua. Wapo waliokaa hivyo kwa saa nyingi, hata siku.

Siri iko kwenye mashine. Pampu hufungwa kwenye ncha ya chumba cha chini cha kushoto, ikavuta damu humo na kuisukuma hadi aota, mshipa mkuu wa mwili. Waya hupenya ngozi ya tumbo hadi kwenye kidhibiti na betri anazobeba mgonjwa. Ndani ya pampu iitwayo HeartMate 3, rota inayoelea kwa nguvu ya sumaku huzunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika. Kwa kuwa damu hutiririka mfululizo, muuguzi akishika kifundo cha mkono mara nyingi hasikii pigo lolote, na presha hulazimika kupimwa kwa kifaa kinachonasa sauti ya damu mshipani.

Tatizo ni upande wa kulia, ambao pampu hii haiusaidii. Huo ndio unaopitisha damu mapafuni hadi ifike kushoto. Moyo ukivurugika kwa muda mrefu, kulia huchoka, pampu hukosa cha kusukuma, na figo na ini huanza kulemewa.

Mvurugiko wenyewe mara nyingi hutokana na makovu ya ugonjwa wa zamani kwenye misuli ya moyo. Wakati mwingine pampu ndiyo mchokozi. Mgonjwa akiharisha au akizidishiwa dawa za kukojoza, chumba cha kushoto husinyaa, ukuta wake ukavutwa hadi mdomoni mwa pampu, na misuli ikachokozeka. Hapo tiba inaweza kuwa dripu na kupunguza kasi ya mashine tu.

Mmoja wa walioishi na pampu ni Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Mwaka 2001 aliwekewa kishtua moyo, kifaa kinachoushtua moyo kwa umeme unapovurugika. Mwaka 2009 alizimia akiwa kwenye gari, kikamrudisha. Julai 2010 akawekewa pampu, akaishi nayo hadi alipopandikizwa moyo Machi 2012. Alifariki 2025, akiwa na miaka 84.

Je, kishtua moyo kinarefusha maisha ya mwenye pampu? Tafiti zinapingana, na ubishi huo una haki yake: kumpiga umeme mtu aliye macho, anayeongea, ni mateso. Ndiyo maana vituo vingi huchelewesha mshtuko, ili mapigo yapewe nafasi ya kutulia yenyewe. Linalojulikana ni kwamba mivurugiko ya vyumba vya chini inayozuka wiki za mwanzo baada ya upasuaji huambatana na vifo vingi zaidi.

Kuhusu pampu zenyewe, mwaka 2001 utafiti wa REMATCH ulionyesha asilimia 52 ya waliowekewa pampu za wakati huo wakiwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 25 ya waliotumia dawa pekee. Matokeo ya 2022 ya HeartMate 3 yalionyesha zaidi ya asilimia 58 wakiwa hai baada ya miaka mitano.

Anayeishi na mgonjwa wa pampu asingoje azimie. Kizunguzungu kipya, kengele ya mtiririko hafifu au mshtuko wa kifaa ni sababu tosha ya kukipigia simu kituo chake papo hapo.