Mvua Ilipogawa Ubingwa wa Softiboli

Wengi wetu tumecheza raunda shuleni, kwa hiyo softiboli haitatupa taabu: mrushaji anarusha mpira mkono ukipitia chini, mpigaji anaupiga kwa gongo halafu anakimbia kuzunguka vituo vinne. Kila timu hupiga kwa zamu 7. Huko Marekani wasichana wa vyuo vikuu wanaucheza kweli kweli.

Vyuo hivyo vimejiunga katika jumuiya za michezo. Ile ya kusini-mashariki, SEC, ina timu 15 za softiboli, na kila Mei hukutana kumtafuta bingwa. Kwao ni mtoano: ukishindwa mara moja, basi, funga mizigo. Jumuiya zingine humpa aliyeshindwa nafasi ya pili, nasi twaona hiyo ni haki zaidi, maana siku mbaya humpata yeyote. Bingwa wa jumuiya hupata nafasi moja kwa moja katika mashindano ya taifa ya timu 64.

Mwaka wa 2025 walikutana Athens, jimbo la Georgia. Oklahoma na Texas A&M zikafika fainali, mvua nayo ikafika. Mechi haikuchezwa, ubingwa ukagawanywa kwa wote wawili. Je, uliwasaidia? Juma lililofuata Texas A&M, iliyopangwa nambari 1 nchi nzima, ilitolewa na Liberty katika uwanja wake yenyewe. Na ubingwa wa taifa, mwezi wa Juni, ulichukuliwa na Texas, ambayo hata hiyo fainali ya Athens haikuifikia.