Wi-Fi isiyokatika nyumba nzima: Mambo ya kuzingatia unapoongeza ruta ya pili

Na Mwandishi Wetu

Huduma ya intaneti ya faiba inapofika katika makazi ya watu, kaya nyingi hukutana na tatizo moja. Intaneti huingia nyumbani kwa kasi nzuri, lakini huishia sebuleni ilipofungwa ruta. Chumba cha nyuma, ghorofa ya juu na nyumba ndogo ya uani hubaki na mawimbi hafifu. Suluhisho linalochukuliwa na wengi ni kununua ruta ya pili na kuifunga mahali pasipofikiwa na mawimbi.

Hapo ndipo tatizo la pili hujitokeza. Kila chumba sasa kina Wi-Fi, lakini mtu anayezungumza kwa njia ya video akitoka sebuleni kwenda chumbani mazungumzo yake hukatika. Mwombaji wa kazi aliye katikati ya usaili, mwanafunzi anayefanya mtihani mtandaoni au mfanyabiashara anayekamilisha malipo hulazimika kuanza upya. Wengi humlaumu mtoa huduma, na wengine huamua kulipia kifurushi chenye kasi kubwa zaidi.

Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu kasi inayoingia nyumbani haiamui namna ruta mbili zinavyopokezana simu ya mtumiaji. Kinachohitajika ni kuzifanya ruta hizo ziwe mtandao mmoja. Kwa sehemu kubwa, kazi hiyo ni ya kurekebisha mipangilio ya vifaa ambavyo tayari vimekwishanunuliwa.

Kwa nini mawimbi hayafiki kila chumba

Wi-Fi za majumbani hutumia zaidi masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini nafasi yake ni finyu na mara nyingi imejaa Wi-Fi za majirani. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba data kwa kasi kubwa, ila hupungua nguvu haraka yanapokutana na ukuta.

Ukuta wa matofali ya saruji, sakafu ya zege yenye nondo, paa la bati na tangi la maji ni vizuizi vikubwa. Ruta iliyowekwa nyuma ya runinga au ndani ya kabati la chuma huathirika zaidi. Kuongeza nguvu ya ruta pekee hakutoshi, kwa kuwa mawasiliano ni ya pande mbili: simu iliyo mbali inaweza kuisikia ruta, lakini sauti yake yenyewe isifike kwenye ruta hiyo.

Anayeamua kuhama ni simu, si ruta

Jambo la msingi ambalo watumiaji wengi hawalifahamu ni kwamba uamuzi wa kuacha kisambaza mawimbi kimoja na kujiunga na kingine hufanywa na simu, kompyuta au kishikwambi chenyewe. Ruta inaweza kushauri tu.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa kipimo cha dBm, ambacho kwa kawaida huonyeshwa kwa namba hasi; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa mujibu wa maelezo ya kampuni ya Apple, simu za iPhone huanza kutafuta kisambaza mawimbi kingine pale nguvu inaposhuka chini ya -70 dBm. Ikiwa simu inatuma au kupokea data wakati huo, huhama iwapo kisambaza mawimbi kipya kina nguvu iliyozidi kile cha zamani kwa angalau desibeli 8. Watengenezaji wengine wana vigezo vyao.

Hii ndiyo sababu simu inaweza kuendelea kung'ang'ania ruta ya sebuleni ilhali mtumiaji amekwishafika chumbani na ameketi karibu na ruta ya pili. Mwenye nyumba hawezi kubadili vigezo hivyo, lakini anaweza kuandaa mazingira yatakayoisaidia simu kuamua mapema na kuhama bila kupoteza mawasiliano.

Masharti manne ya mtandao mmoja

La kwanza, ruta zote ziwe na jina moja la mtandao, ambalo kwenye mipangilio huandikwa SSID. Herufi kubwa na ndogo, nafasi na alama zilingane kabisa.

La pili, ruta zote ziwe na nywila moja na aina moja ya ulinzi. Moja ikiwa na WPA2 pekee na nyingine WPA3 pekee, baadhi ya vifaa vitashindwa kuhama hata kama jina na nywila vinafanana.

La tatu, ruta zilizo jirani zitumie chaneli tofauti. Katika gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zinazotumika zaidi kwa kuwa haziingiliani, mradi upana wa chaneli uwe megahezi 20. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja hugawana muda wa kuzungumza, na zote mbili hupungua kasi.

La nne, ambalo ndilo husahaulika zaidi, ni kuwa na ruta moja tu inayogawa anwani za IP. Kila kifaa kinachojiunga na mtandao hupewa anwani kupitia huduma iitwayo DHCP. Ruta ya pili ikiachwa ilivyotoka dukani, nayo hugawa anwani zake na kujenga mtandao wake wa ndani. Simu inapohamia huko hupaswa kupata anwani mpya, na mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea kwa anwani ya zamani hukatika. Vilevile, mashine ya kuchapisha iliyounganishwa upande mmoja huweza isionekane upande wa pili.

Hatua za kuunganisha ruta ya pili

Mfano ufuatao unachukulia kuwa ruta kuu ina anwani 192.168.1.1. Anwani halisi huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya ruta.

1. Unganisha kompyuta na ruta ya pili kwa kebo kabla ya kuiunganisha na ruta kuu, kisha fungua ukurasa wake wa mipangilio.

2. Angalia kama ina chaguo la kufanya kazi kama kisambaza mawimbi pekee, ambalo kwenye menyu nyingi huandikwa "Access Point" au "AP Mode". Likiwapo, lichague, ruta itaacha yenyewe kugawa anwani. Katika hali hiyo, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu tundu la kuchomeka kebo, kisha nenda hatua ya 4.

3. Chaguo hilo lisipokuwapo, ipe ruta ya pili anwani ya 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha kuwa anwani hiyo haimo kwenye orodha ya anwani zinazogawiwa na ruta kuu. Zima DHCP kwenye ruta ya pili. Wakati wa kuiunganisha na ruta kuu, kebo itoke kwenye tundu la LAN la ruta kuu na kuingia kwenye tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN liachwe wazi.

4. Weka jina la mtandao, nywila na aina ya ulinzi sawasawa na vya ruta kuu, na uchague chaneli tofauti.

5. Unganisha ruta hizo mbili kwa kebo, kisha zima na kuwasha Wi-Fi ya simu ili ijiunge upya.

Ruta iliyotolewa na mtoa huduma inaweza kuwa na mipangilio iliyofungwa. Katika hali hiyo, mteja anashauriwa kuwasiliana na mtoa huduma wake badala ya kuirejesha ruta katika hali ya kiwandani, kwani kufanya hivyo huweza kufuta taarifa zinazoiunganisha na faiba.

Kebo, meshi au kikuza mawimbi

Kebo bado ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuunganisha ruta mbili. Kebo ya daraja la Cat 5e yenye nyaya za shaba hubeba hadi gigabiti 1 kwa sekunde kwa umbali usiozidi mita 100, umbali unaotosha viwanja vingi vya makazi. Kebo inayopita nje ipitishwe ndani ya bomba na itengwe na nyaya za umeme. Inapounganisha majengo mawili, radi inayopiga karibu huweza kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Kwa hiyo inafaa kufunga kinga au kutumia faiba, ambayo haipitishi umeme.

Mahali ambapo kebo haiwezi kupita, mfumo wa meshi ni chaguo zuri. Vifaa vyake huwasiliana kwa redio na husimamiwa pamoja, hivyo masharti mengi yaliyotajwa hutimizwa na mfumo wenyewe. Kila kifaa kinapaswa kuwekwa mahali ambapo bado kinapata mawimbi mazuri kutoka kwa mwenzake, si katikati ya eneo lisilo na mawimbi kabisa.

Vikuza mawimbi vya bei nafuu vina mipaka. Kikuza mawimbi chenye redio moja hupokea kila ujumbe na kuutuma tena kwa redio hiyo hiyo, na hivyo kasi hupungua kwa takribani nusu. Baadhi huongeza herufi "EXT" mwishoni mwa jina la mtandao. Kwa simu, hilo ni jina la mtandao mwingine, na uhamaji hukosa ulaini.

Viwango vinavyosaidia uhamaji

Taasisi ya kimataifa ya IEEE imeweka viwango vitatu vinavyohusu suala hili. Kiwango cha 802.11k huipa simu orodha ya visambaza mawimbi vilivyo jirani ili isipoteze muda kuvitafuta. Kiwango cha 802.11v huwezesha mtandao kuishauri simu ihamie penye nafuu. Kiwango cha 802.11r hufupisha hatua za uthibitisho wakati wa kuhama.

Ruta ikiwa na viwango vya k na v, inafaa kuviwasha. Kiwango cha r hunufaisha zaidi mitandao ya ofisi ambako kila mtumiaji ana utambulisho wake. Nyumbani kwenye nywila moja, muda unaookolewa ni mdogo. Baadhi ya vifaa vya zamani hushindwa kujiunga kinapowashwa, na hilo likitokea kizimwe.

Hatua nyingine ni kupunguza nguvu ya utumaji ya ruta zilizo karibu mno. Ruta ya sebuleni inapopunguzwa nguvu, simu iliyo chumbani huona mapema kuwa mawimbi yake ni hafifu na kuhamia ruta iliyo karibu.

Usalama na sheria

Ruta zinapokuwa mtandao mmoja, udhaifu wa moja ni udhaifu wa zote. Nywila ya kuingilia mipangilio ibadilishwe kwenye kila ruta, huduma ya WPS izimwe na programu endeshi isasishwe. Mtandao wa wageni uwashwe baada ya kuthibitisha kuwa ruta ya pili inawatenga wageni hao na vifaa vya nyumbani, kwani ruta nyingi zinapotumika kama kisambaza mawimbi pekee haziwatengi.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaweka utaratibu wa kuidhinisha vifaa vya mawasiliano, jukumu linalosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mnunuzi anashauriwa kumuuliza muuzaji kuhusu idhini hiyo kabla ya kulipa.

Namna ya kuhakiki

Baada ya kazi kukamilika, mwananchi anaweza kufanya vipimo vitatu. Kwanza, aangalie anwani ya IP ya simu yake akiwa karibu na kila ruta. Ikibaki ileile, sharti la nne limetimia. Pili, apime nguvu ya mawimbi kwa programu ya kupimia Wi-Fi katika kila chumba. Kiwango cha -67 dBm au bora zaidi kinafaa kwa mazungumzo ya sauti na video. Tatu, apige simu ya video na kutembea taratibu kutoka chumba hadi chumba. Picha ikiganda kwa muda mfupi na kuendelea, mtandao unafanya kazi inavyotakiwa. Ikikatika kabisa mahali palepale kila mara, arejee kwanza kwenye masharti manne kabla ya kununua kifaa kingine au kubadili kifurushi.