Nyota tano, wakazi sita

Vitongojini mwa Seattle na Tacoma, katika jimbo la Washington, Marekani, zipo nyumba za kawaida kabisa wanamoishi wazee sita wasio na udugu wowote. Sheria ya jimbo inaruhusu nyumba moja kutunza watu wawili hadi sita, na tangu 2020 baadhi zinaweza kupewa kibali cha kufikisha wanane. Wakenya wamo kati ya wahudumu, na hata kati ya wenye nyumba. Ndiyo maana swali la wapi pa kumpeleka mama mwenye ugonjwa wa kusahau huishia mara kwa mara kwenye kundi la WhatsApp la kanisa.

Lakini kabla ya kuuliza kundini, watoto wameshasoma maoni ya familia mtandaoni, na hapo ndipo penye mtego. Nyota za Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hupewa makao makubwa ya uuguzi, si nyumba hizi ndogo. Nyota unazoziona huku zimetolewa na ndugu wa wakazi, na nyumba ya watu sita haina ndugu wengi. Mtu mmoja akikasirika, wastani wote unaporomoka. Binamu wawili wa mwenye nyumba wakisifu, unapaa.

Mimi hutazama kwanza tarehe. Wengi huandika wiki za mwanzo, mzigo ukiwa ndiyo kwanza umewatoka mabegani, au baada ya mazishi, wakati mfiwa ama anashukuru kwa kila kitu ama anatafuta wa kumlaumu. Miezi ya katikati, ya kuogeshwa na kupewa dawa, haina waandishi. Nani atalalamika hadharani na mama bado analala humo? Naye mama mwenyewe haandiki.

Halafu natafuta jambo lililoonekana kwa macho. “Wahudumu wana upendo” ni salamu tu. Anayesema baba alianguka saa nane usiku na familia ikapigiwa simu saa ileile ametoa habari. Vivyo hivyo na lawama: chakula kukosa chumvi ni suala la ulimi, ila watu wawili wasiojuana, miaka tofauti, wakisema walimkuta mzee na nepi iliyolowa, nyota tano za wengine hazinitulizi.

Tena nyumba huuzwa. Jina linaweza kubaki getini na sifa zikabaki mtandaoni, ilhali aliyezichuma ameshaondoka. Penye wahudumu wawili au watatu, hata kuondoka kwa yule wa usiku kunaigeuza nyumba. Uliza leseni iko kwa jina la nani, na tangu lini.

Wapo pia madalali wanaoitafutia familia makao “bure”. Kwa kawaida hulipwa na nyumba mzee akishahamia, kwa hiyo maoni wanayokuonyesha yasome ukijua nani anamlipa nani.

Ripoti za ukaguzi hutolewa na Idara ya Huduma za Jamii na Afya ya jimbo, na nyumba inatakiwa kuiweka ya karibuni mahali inapoonekana. Isome sambamba na maoni. Kosa moja la karatasi lisikutishe. Kosa la dawa linalojirudia ukaguzi baada ya ukaguzi, hata familia kumi zikisifu, ni sababu tosha ya kutafuta kwingine.

Kundini, mwenye nyumba akiwa mtu wa kwetu, utajibiwa kwamba ni watu wazuri sana. Hakuna atakayemharibia mwenzake riziki mbele ya kanisa zima. Mpigie mmoja pembeni. Na mwenye nyumba mwombe akuunganishe, kwa ridhaa yao, na familia iliyomhamisha mzee wake akiwa hai. Wanaosifu atakutajia bila kuombwa.