Mama, Kizazi Kikishuka Usikae Kimya

Mama mpenzi, huu ni ugonjwa usiosemwa sokoni wala kwenye maji. Mwanamke anaona kitu kama mpira kinashuka kati ya miguu. Anafunga kikwembe vizuri, anachukua kitunga chake, anaenda shambani. Hamwambii bwana, hata dada yake hamwambii. Wengine wanafikiri ni laana. Sivyo. Ni ugonjwa wa mwili, una sababu zake, na una matunzo.

NI UGONJWA GANI?
Kizazi, ni kusema nyumba ya mtoto, kinashikwa na mishipa na nyama za chini ya tumbo. Nyama hizo zinashika pia kibofu cha mkojo na sehemu ya mwisho ya utumbo. Zikilegea, kizazi kinashuka katika njia ya mtoto, na pengine kinatoka nje kabisa. Mara nyingine si kizazi. Ni kibofu ao utumbo unaosukuma ukuta wa njia hiyo.

Dalili ni hizi: uzito chini unaozidi jioni, mgongo kuuma, mkojo kuja kwa shida ao kutoka unapokohoa.

SABABU ZAKE
Kuzaa mara nyingi, kusukuma mtoto kwa muda mrefu, kikohozi kisichoisha, na choo kigumu. Tena mizigo. Hapa Butembo milima ni mikali, na mama anapandisha kuni, mihogo ao bidoni ya maji kwa kamba ya kichwani. Upande wa Beni, tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014, mama wengi wamekimbia vijiji vyao na mizigo, wengine wakiwa na mimba ao wametoka tu kuzaa.

Sababu nyingine ni umri. Mwili wa mwanamke unatengeneza kitu kinachoitwa estrojeni. Ndicho kinachofanya ngozi ya njia ya mtoto iwe nene, laini na yenye maji. Damu ya mwezi ikikoma, estrojeni inapunguka sana. Ngozi inakuwa nyembamba, inakauka, inawasha, inachubuka upesi.

DAWA YA ESTROJENI INAFANYA NINI?
Daktari anaweza kumpa mama aliyekwisha kukoma damu dawa ya kupakaa ndani ya uke, ao kidonge kidogo cha kuingiza humo. Kwa kawaida inatumiwa kila jioni kwa majuma 2, kiisha mara 2 kwa juma. Wewe fuata yale uliyoandikiwa. Usitazamie kitu kesho yake. Ngozi inahitaji majuma kadhaa.

Sikia vizuri sana: dawa hii hairudishi kizazi mahali pake. Fikiri mkanda wa ngozi uliokauka. Ukiupakaa mafuta unalainika, haupasuki upesi. Lakini mafuta hayainui mzigo uliokwisha kuanguka. Estrojeni ni msaidizi. Inapunguza ukavu na maumivu, na inasaidia vidonda vya juu ya ule mpira vipone, hasa kabla ya kupasuliwa.

Kwa hiyo, mtu akikuuzia dawa sokoni na kusema itapandisha kizazi, usimpe pesa yako. Usimeze vidonge vya kupanga uzazi ukifikiri ni kitu kimoja. Wala usiingize majani ao unga wa miti. Vinaweza kuchoma ngozi na kuleta uchafu.

Mwambie daktari kwanza kama umepata kansa ya ziwa, kama damu iliwahi kuganda katika mguu wako, ao kama unatoka damu bila kujua sababu. Pengine dawa hii haikufai.

MATUNZO YENYEWE
1. Mazoezi. Kaza nyama za chini kama mtu anayezuia mkojo na upepo. Hesabu mpaka 6, legeza. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3 ao 4. Hata mama kijana anaweza. Yanasaidia zaidi kizazi kikiwa hakijashuka sana.

2. Kupunguza mizigo. Gawa bidoni moja katika safari mbili. Kula sombe, lengalenga na papai, na kunywa maji, kusudi choo kiwe laini. Kikohozi kitibiwe.

3. Pete. Ni pete laini inayowekwa ndani ili kushikilia kizazi. Mara nyingi inaangaliwa kila miezi 3 hadi 6. Kwa mama mzee inaweza kuchubua ngozi nyembamba. Hapo estrojeni inasaidia.

4. Kupasuliwa. Kizazi kikitoka nje kabisa, mara nyingi ndiyo njia inayobaki. Uliza pia kama unataka kuzaa tena, maana matengenezo yanatofautiana.

Anza kwenye kituo cha afya cha karibu. Watakupima, na ikifaa watakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, na HEAL Africa huko Goma, zinajulikana kwa kazi hii. Lakini usianze safari ya mbali kabla ya kupimwa hapa.

USINGOJE HATA SIKU MOJA kama:
– mkojo umeziba;
– mpira umegoma kurudi, unauma ao umekuwa mweusi;
– kidonda kinatoa usaha wenye harufu;
– damu inatoka tena baada ya kukoma;
– mkojo unavuja mchana na usiku bila kukoma. Huo pengine ni ugonjwa mwingine, tundu kati ya kibofu na uke, nao unatengenezwa.

Tena msomee bwana yako maneno haya: Baba, mke wako hakufanya kosa. Aliumia kwa kukuzalia watoto na kulisha nyumba. Chukua wewe bidoni, na umsindikize hospitali.

Wewe mama, kama una jirani anayetembea kwa shida na kukataa kusema kwa nini, mpelekee ukurasa huu.