BIBI-ARUSI WA UHINDI HUVAA RANGI GANI?



Tukiangalia filamu za Kihindi, tunadhani kwamba mabibi-arusi wote wa kule huvaa nguo nyekundu na zahabu tu. Sivyo. Uhindi ni inchi kubwa sana, yenye lugha na mila nyingi, na kila jimbo lina vazi lake. Tunaeleza mambo haya juu ya neno moja tunalolisikia sana kwetu: eti arusi bila kanzu nyeupe si arusi.

Tuanze kaskazini, jimbo la Punjab. Huko nyekundu ndiyo rangi ya furaha. Bibi-arusi huvaa sketi pana ao suruali na kanzu, na kitambaa kichwani. Mikononi anajaa bangili nyekundu na nyeupe zinazoitwa chura. Nani anazileta? Mjomba wake, ndugu ya mama.

Upande wa magharibi, Gujarat, kuna nguo mbili. Ya kwanza inaitwa panetar: ni nyeupe yenye pindo nyekundu, na kwa desturi inatoka kwa mjomba. Ya pili ni gharchola, nyekundu, inayotoka kwa wakwe. Basi mwenye kujua mila akitazama nguo tu, anaelewa binti anatoka wapi na anapokelewa na nani.

Mashariki, kwa Wabengali, ni sari nyekundu ya hariri. Sari ni kitambaa kimoja kirefu kisichoshonwa, karibu meta 5 na nusu, kinachozungushwa mwilini. Bibi-arusi huvaa pia bangili nyeupe za gamba la konokono wa bahari, na nyekundu za marijani. Ndugu zake wanambeba juu ya kibao, wanamzungusha bwana-arusi mara 7, naye anaficha uso kwa majani ya tambuu!

Tukipita mbele zaidi, Assam, vazi lina vipande viwili, mekhela na chador. Nyuzi zake nyingine ni hariri ya muga, ambayo rangi yake ya asili ni ya zahabu, bila kutiwa rangi.

Kusini, Tamil Nadu, mji wa Kanchipuram unajulikana kwa sari nzito za hariri, zilizofumwa pamoja na nyuzi za feza na zahabu. Lakini jirani yao Kerala, wengi huvaa nyeupe yenye pindo ya zahabu. Huko kuna Wakristo wa tangu zamani sana. Bibi-arusi wao mara nyingi huingia kanisani na sari nyeupe. Kisha bwana-arusi anamfunika kichwa kwa sari nyingine, manthrakodi, iliyoletwa na upande wake. Kwa desturi wanavuta nyuzi 7 katika nguo ile ile, wanazisokota, na kutundika kidani kidogo cha zahabu chenye msalaba. Bwana-arusi anakifunga shingoni mwa bibi yake.

Sasa angalieni jambo moja. Katika mila nyingi za Wahindu, nyeupe tupu ilikuwa nguo ya mjane. Lakini Kerala nyeupe ni furaha. Kumbe rangi yenyewe haisemi kitu. Ni watu wanaoipa maana.

Na kanzu nyeupe yetu, ilitoka wapi? Zamani Wazungu wengi walioa na kuolewa na nguo nzuri ya rangi yoyote waliyokuwa nayo. Malkia Victoria wa Uingereza alivaa nyeupe siku ya arusi yake mwaka 1840, na baada yake desturi ile ilienea sana. Basi ni desturi, si amri.

Hatusemi kwamba ni mbaya. Mwenye uwezo avae. Lakini vijana wawili wakichelewesha ndoa miaka mingi kwa sababu tu hawana franka za kununua kanzu ao kuikodi, nani aliwawekea mzigo huo? Sisi pia tuna nguo zinazosema: vikwembe vinavyopewa mama ya binti vinajulisha kwamba jamaa mbili zimepatana. Hapo tunafanana na watu wa Gujarat kuliko tunavyofikiri.

Wenye wazo lingine, wasichana na wavulana, watuandikie. Tutapokea karatasi zenu kwa furaha.