Walinzi wa Viota vya Kasa Kisiwani Mafia: Afya Yao na Kazi Yao

Kisiwa cha Mafia kiko kusini ya Dar es Salaam, mkabala na mdomo wa mto Rufiji. Fukwe zake za mashariki, pamoja na zile za kisiwa jirani cha Juani zinazotazama bahari kuu, ni mahali pa kutagia kasa. Aina tano za kasa huonekana katika maji ya Tanzania, lakini zinazotaga nchini ni mbili tu: kasa uziwa, ambaye ndiye wa kawaida zaidi, na ng'amba, ambaye uzuri wa magamba yake ulimponza kwa karne nyingi katika biashara ya pwani. Mwaka 1995 sehemu ya bahari ya Mafia iliwekwa chini ya Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini. Mwaka 2001 ukaanza mpango wa kuhifadhi kasa na nguva, ambao baadaye uliendelezwa na shirika la Sea Sense. Nguzo ya mpango huo ilikuwa wanavijiji wenyewe, waliokubali kupita ufukweni, kutafuta viota na kuvilinda.

Mengi yamekwisha andikwa juu ya kasa. Juu ya mtu anayemlinda yameandikwa machache, kana kwamba hachoki wala haumwi. Hata hivyo ukiichunguza kazi yenyewe utaona kwamba hali ya mlinzi ni sehemu ya uhai wa kiota.

Kasa uziwa jike hutoka majini usiku, huchimba shimo la kina cha sentimeta 70 hadi 80, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi kidogo, huyafukia, kisha hurudi baharini asiyaangalie tena. Mayai hukaa mchangani kwa siku zipatazo 50 hadi 60. Kiota kikiwa chini ya mpaka wa maji ya bamvua, bahari itakifunika na mayai yataoza. Hapo hapana budi yahamishwe. Lakini yai la kasa si kama yai la kuku, ambalo mama yake huligeuzageuza. Saa chache baada ya kutagwa, kiini chenye uhai hujishikiza kwenye utando wa ndani ya ganda, upande wa juu. Yai likipinduliwa baada ya hapo, kiini hubanduka na kufa. Kwa hiyo mlinzi sharti akifikie kiota mapema, ayachukue mayai moja moja bila ya kuyazungusha, na achimbe shimo jipya lenye kina na umbo la lile la kwanza. Kazi hii yataka mkono uliotulia na akili iliyo macho.

Sasa mtu huyo huenda hakulala. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, ifuatayo mzunguko wa mchana na usiku. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili huwa limeshuka na usingizi huwa mzito kuliko wakati mwingine wo wote, hata kwa aliyezoea kukesha. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hukosea kazi za mkono na macho sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mvuvi aliyeamka alfajiri akashughulika na nyavu kutwa nzima, kisha akaingia zamu ya usiku, huipita saa ya 17 kabla hata kasa hajamaliza kufukia.

Si lazima kila mlinzi akeshe. Nyayo za kasa, zifananazo na njia ya trekta, hubaki juu ya mpaka wa maji mpaka zifutwe na mvua, upepo au miguu ya watu. Mtu aliyelala nyumbani akaamka mapema aweza kuziona na kukuta kiota kipya ndani ya muda ufaao. Kukesha kuwekwe kwa fukwe ambako wezi wa mayai hutangulia, au kwa siku ambazo vitoto vinatarajiwa kutoka. Na mkesha wenyewe uwe wa watu wawili, ili mmoja apate kujilaza nusu saa huku mwenzake akitazama. Utagaji huangukia kwa wingi miezi ya masika, na mbu wa malaria huuma usiku. Kwa hiyo koti la mvua, viatu na dawa ya kujipaka ni vifaa vya kazi kama ilivyo tochi.

Uchovu wa mwili waponywa kwa usingizi. Uko mwingine ulio mgumu zaidi. Mlinzi anaishi katika kijiji kile kile anachoishi mwenye jarife aliyenasa kasa, na pengine ni shemeji yake. Nyama na mayai ya kasa vililiwa tangu zamani; sheria inakataza, lakini ladha haikufutwa na sheria. Akitoa taarifa ataitwa msaliti. Akinyamaza amevunja ahadi yake. Kumtaka mtu mmoja awe mlinzi, mpelelezi na shahidi kwa pamoja ni kumtwisha mzigo usiobebeka. Yafaa zaidi taarifa itolewe na kamati ya kijiji kwa jina la kijiji, na ukamataji uachiwe maofisa wa hifadhi.

Kuna pia huzuni. Mtu aliyehesabu siku 50, akakuta kiota kimechimbuliwa au kimesombwa na maji, huumia, na akipatwa na hayo mara kwa mara moyo hufa ganzi. Wauguzi waliitambua hali hii zamani. Mwaka 1992 Carla Joinson wa Marekani aliiandikia kwa jina la uchovu wa huruma. Dalili zake ni kukosa usingizi, hasira za haraka, na kuona kwamba kazi haina maana. Huanza kwa mtu hodari, wala si kwa mvivu. Husaidia sana kuandika katika daftari sababu ya kila kiota kilichopotea, bahari, mnyama au mwizi, ili hasara isiwe aibu ya mlinzi.

Suala la malipo limezua ubishi. Mwaka 1970 Richard Titmuss wa Uingereza alidai, kwa mfano wa utoaji damu, kuwa fedha huweza kuua moyo wa kujitolea. Hoja hiyo ina uzito, lakini aliyekuwa akiifikiria ni mtu mwenye mshahara wake. Mkaazi wa Juani aachaye mavuvi ya usiku mmoja ameacha chakula. Mpango wa Mafia ulitoa kiasi maalumu kwa aliyekionyesha kiota, na nyongeza kufuatana na mayai yaliyoanguliwa. Sehemu ile ya kwanza ndiyo yenye busara kubwa, kwani bila ya hiyo bamvua moja lingemnyang'anya mlinzi ujira wa miezi miwili. Baadaye wageni wajao kutazama vitoto vikitoka walilipa ada, na fungu lake likaenda kijijini. Hivyo jirani aliyemcheka mlinzi naye akapata faida.

Kasa uziwa huchukua miaka 25 hadi 35, pengine zaidi, kufikia umri wa kutaga. Kitoto kilichoingia baharini mwaka 2001 kitaanza kurudi kati ya 2026 na 2036. Mlinzi aliyekiona kikiondoka akiwa na miaka 30 atakuwa na 55 au 65. Kwa hiyo kila zamu ya wawili ingefaa iwe na kijana mmoja, na daftari la viota likae mahali pakavu, kijijini.